Kadi Iliyokuwa Kwenye Biblia

Mutindi,

Uji uliobaki uko kwa thamosi. Isyo ya mahindi na maharagwe iko jikoni, maharagwe bado hayajaiva, ongeza maji na usiichome kama ile ya Jumapili.

Nimeenda zahanati kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Ndiyo, unanikumbusha tangu Januari. Mara tatu nimetoka hapa nimevaa vizuri, nikafika sokoni, nikanunua nyanya nikarudi. Niliwaambia foleni ilikuwa ndefu. Hakukuwa na foleni. Niliogopa tu.

Leo asubuhi ukiwa bado umelala, baba yako alifungua Biblia kwenye Zaburi tuombe, kadi ya kliniki ikaanguka. Mimi ndiye niliyeificha hapo, nikasahau hicho ndicho kitabu anachofungua kila siku! Akasoma tarehe zote tatu, hakuna hata moja yenye mhuri. Nikangoja kelele. Badala yake aliniombea kwa jina langu, akaomba mpaka uji ukamwagika, kisha akamfunga punda mitungi akaenda kuteka maji mwenyewe, ili nisipate sababu ya kubaki.

~~Usimwambie shangazi yako Nduku.~~ Hapana, mwambie. Hata yeye hajawahi kupimwa.

Baba yako akirudi mpe chai kwanza, ametoka bila kunywa kitu. Na wewe, asante kwa kunisumbua.

Kadi nimebeba. Kesho kwa maombi ataikuta pale pale kwenye Zaburi, ikiwa na mhuri.

Mama