Pilau ya Watu Ishirini na Wawili

Nkoma, Mbale
Jumapili jioni

Mama,

Sufuria yako kubwa imefika salama. Rama aliileta kutoka Jinja, ameipakata mapajani njia nzima kama mtoto mgonjwa, na aliposhuka watu walimwuliza kama anakuja kufungua hoteli. Unamjua mwanao. Alinikabidhi tu, akasema, "Dada, Mama alitaka ikae kwako," kisha akageuka kuutazama mlima mpaka macho yakamkauka.

Nimechelewa kukuandikia. Kila nilipokaa niliandika "Mama" nikaishia hapo. Leo naweza, kwa sababu nimerudi kutoka uwanjani na moyo mweupe, na habari yenyewe ni ya kwako kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Miaka yote ile uliwapikia wacheza kriketi wa Jinja na mchezo wenyewe hukuuelewa. "Kwa nini anatoka, na hakuna aliyemgusa?" Nilikueleza, ukaitikia, ukaendelea kukata vitunguu. Kwako kriketi ilikuwa kitu wanachofanya wanaume wakisubiri pilau iive.

Lakini siku ile ya lori uliielewa kuliko sisi sote. Acha niisimulie tena. Najua unaikumbuka, ila mimi nataka kukaa ndani yake kidogo.

Mbale walikuwa wamekuja kwetu. Rama alikuwa bado kijana, mrushaji wetu mwenye kasi kuliko wote, na watu walishaanza kusema ataitwa timu ya taifa. Aliyekuwa anapiga ni Okiror, yule askari magereza mrefu. Mpira ukamgonga mguuni mbele ya vijiti, Rama akapiga kelele, na mwamuzi, yule mzee Mhindi aliyekuwa amerudi kudai duka la baba yake, akainua kidole, maana yake ametoka. Okiror hakutoka. Alisema mpira uligusa gongo kwanza. Mzee akainua kidole mara ya pili. Hapo ndipo Rama alipomwendea Okiror uso kwa uso, akamwonyesha lori lao, akamtukania mama yake. Neno lenyewe sitaliandika kwenye barua yako.

Okiror akatupa gongo. Watu wakashikana mashati. Mzee akasimamisha mchezo, akasema tukale, lakini Mbale walikuwa wanapanda lori na dereva amekwisha washa injini. Kapteni wetu akasema waende tu, pilau itatutosha vizuri zaidi.

Ulifunika sufuria. Ulisema, "Nimepikia watu ishirini na wawili. Wasipokula wote, hali mtu." Kisha ukachukua beseni na birika la maji, ukamshika Rama shati, na urefu wake wote ule, ukamvuta uwanja mzima hadi kwenye lori.

"Shukeni."

Nacheka nikiandika, Mama. Sauti ile uliitoa kwenye kambi ya jeshi ulikokulia. Mwenye duka ng'ambo ya barabara aliposikia Kiswahili cha amri alifunga mlango nusu, akidhani wanajeshi wamekuja. Okiror alishuka kabla hajajua kwamba ameshuka.

"Mama, mimi sina shida na wewe," alisema.

"Najua, afande. Mama aliyetukanwa yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko kijijini, kule Kumi, analima karanga."

"Yuko mbali. Basi leo mimi nimekaa mahali pake. Na huyu aliyenitukana ni mwanangu wa kumzaa, mbele za watu wote hawa."

Rama alitazama chini. Ulimpa birika. Hukumwambia aombe radhi, ulisema tu, "Mnawishe mwenzako, ale." Akamnawisha. Alimimina kwa haraka hata maji mengi yakaingia kwenye viatu vya Okiror, na Okiror akavumilia, akavumilia, halafu akasema, "Taratibu, ndugu. Viatu vimeshaoga." Mtu mmoja juu ya lori akacheka. Dereva akazima injini. Rama akasema "nisamehe" kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia tena kutoka kwake, mpaka siku tuliyokuzika.

Mchezo haukuisha siku ile, mvua iliuvunja. Wewe ulifurahi kwa sababu sufuria ilirudi tupu.

Siku ya mazishi yako hukuiona, kwa hiyo nikuambie. Okiror alifika kwetu Mpumudde na wenzake watano wa Mbale. Si Waislamu, hawakujua wasimame wapi, wakajibanza kwenye ua wa jirani wamevua kofia. Rama aliwaona. Alimfuata Okiror akampa koleo, na wawili hao walifukia pamoja mpaka mwisho, hawakukubali kupokelewa. Mimi nilisimuliwa na wajomba, maana sisi wanawake tulibaki nyumbani. Nilipoambiwa nililia, lakini kilikuwa kile kilio kinachompumzisha mtu.

Paka wako amehamia kwa jirani, wamempa jina lingine, na analiitikia bila aibu. Wasichana wa shule ya pale Mpumudde wanafundishwa kriketi sasa. Ungesema sketi zao ni fupi, halafu ungewapelekea chai.

Sasa nifike kwenye habari ya leo. Jinja wamekuja kucheza na Mbale, na mimi nilipika. Wenyeji waliponiomba niliwauliza kwanza ni chakula cha pande zote mbili au cha upande mmoja. Walinishangaa.

Rama ndiye kapteni wa Jinja siku hizi. Alikuwa anapiga vizuri na Jinja walibakiza mikimbio michache tu washinde. Mrushaji wa Mbale alikuwa mwalimu kijana wa Nakaloke, mgeni kwenye ligi. Mpira ukapita karibu sana na gongo la Rama, kipa akaudaka, wote wakapiga kelele kwamba ameugusa. Mwamuzi akafikiri kidogo, akainua kidole.

Rama akasimama pale pale. Mwiko ukanitoka mkononi. Okiror, naye sasa ana mvi, alikuwa amesimama upande wa mbali akitazama majani. Kila mtu wa zamani alijua anachofikiria mwenzake. Na yule mwalimu, kwa furaha, akamsogelea Rama akamwambia, "Nenda nyumbani, mzee, wajukuu wanakungoja." Mama, Rama hata hajaoa.

Alimtazama. Akavua glavu moja, kisha ya pili, akaweka gongo kwapani. "Mpira mzuri, mwalimu," akasema, akatoka.

Jinja wakashindwa. Lakini kwenye chakula alikwenda kukaa ubavuni kwa mwalimu, na nilipopita na kachumbari nikaona wamechukua limau langu, Rama anamwonyesha vidole vikae wapi ili mpira ukate kona ukitua. Mwalimu alikuwa amesahau kula. Baadaye nilimwona Okiror akimwita pembeni, wakaongea kidogo, na mwalimu akarudi kumpa Rama mkono mara nyingine, safari hii bila mzaha.

Nilipokuwa nakusanya sahani Rama alikuja kunisaidia.

"Dada, ule mpira sikuugusa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Uligonga mkanda wa pedi ya mguuni."

"Sasa mbona hukusema?"

Akacheka. "Si nimekuambia wewe?"

Kisha akanisihi nisimwambie mtu, hasa mwalimu, kwa sababu ile ndiyo mara yake ya kwanza kumtoa mpigaji katika mechi ya ligi, na alikuwa amekwisha tuma ujumbe Nakaloke kwa mama yake.

Nilimtazama akipanda gari na wenzake, anaimba kana kwamba wao ndio walioshinda. Mama, mtoto wako ni mzima. Nilikuwa na wasiwasi naye tangu uondoke, na leo wasiwasi umekwisha. Nilitaka ulale ukilijua hilo.

Kwa heri kwa leo, Mama yangu. Hiyo siri ya mpira nimekuambia wewe peke yako, na ninakuahidi, yule mwalimu atazeeka bila kuisikia kwangu.

Binti yako,
Zena