Nusu Niliyoiandika Mwenyewe

Kisauni, Jumamosi, Mei 1947

Mvua imenyesha tangu alfajiri na njia ya shuleni imekuwa tope tupu. Asubuhi yote nilikuwa ndani. Nina hasira, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Jumapili iliyopita tulikutana kuunda chama chetu cha maziko. Mimi ndiye katibu, mwanamke pekee pale mbele, kwa sababu ya mwandiko wangu tu. Wenyeji, yaani sisi ambao babu zetu walikombolewa utumwani wakateremshwa hapa, walitaka sauti zote za kupiga kura ziwe zao. Wageni, wengi wao Wagiriama waliohamia karibuni kutafuta kazi, wakasema basi watajitenga. Kelele hazikwisha. Ndipo nikasimama nikatoa ufumbuzi: nyumba ya mwenyeji iwe na sauti moja, ya mgeni nusu. Watu walipiga makofi. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Leo nimesoma kitabu cha historia ya Marekani nilichokiazima kabatini shuleni. Nilidhani kitaniongezea maarifa ya ukatibu, na kweli mwanzoni nilifurahi. Walioandika katiba yao walijifungia ndani msimu mzima wa joto, wakabishana nusura watawanyike. Majimbo makubwa yalitaka sauti kwa wingi wa watu, madogo yalitaka usawa. Wakapatana kuwe na mabaraza mawili, moja la wingi na jingine la usawa. Madaraka nayo wakayagawa mafungu matatu: la kutunga sheria, la kuitekeleza na la kuhukumu, ili asitokee mmoja wa kuwatawala wenzake atakavyo. Nikasema, lo, watu hawa wana akili.

Kisha nikafunua ukurasa uliofuata. Watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu. Na hesabu hiyo haikuwapa wao sauti yoyote. Iliwaongezea nguvu mabwana zao barazani.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtumwa.

Nilikiweka kitabu chini nikawatukana mabwana wale kwa Kiswahili chote nilicho nacho. Halafu nikaikumbuka nusu yangu. Nusu ni chini hata ya ile yao.

Nikamfikiria Karisa, jirani yetu Mgiriama, kuli wa bandarini. Baba alipofariki mwaka jana, wenyeji walikaa chini ya turubai wakinywa kahawa. Karisa ndiye aliyeingia kaburini na jembe, matope hadi magotini. Jumapili nilipoitangaza ile nusu alitazama chini tu. Nilimwona, nikajifanya sikumwona.

Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mchana nilijifunika kanga nikaenda kwa mjomba, mwenyekiti wetu, ambaye ndiye baba yangu sasa.

"Shikamoo, mjomba. Ile nusu naifuta."

"Marahaba. Hufuti kitu, mwanangu. Ukiifuta wazee watatoka, na mimi nitatoka nao. Utazikwa na nani?"

"Na yule aliyemzika baba."

Akaniambia nirudi kwetu kabla mvua haijazidi.

Naogopa. Mjomba hana mzaha. Chama kikivunjika, lawama zote nitabebeshwa mimi, na mama atasikia maneno kisimani mpaka achoke. Ila kitabu kile kimenifunza jambo moja zaidi: Wamarekani waliacha mlango wa kuirekebisha katiba yao. Kwa watumwa walichelewa mno kuupita, mpaka damu nyingi ikamwagika kwanza. Sisi yetu ina juma moja tu tangu iandikwe. Hatuna kisingizio.

Nimeiandika upya: kila nyumba, sauti moja. Kesho baada ya ibada nitaisoma mbele ya watu wote, nisimung'unye maneno. Wakitoka wote ukumbini nikabaki na Karisa peke yake, basi tutakuwa nyumba mbili, sauti mbili kamili, na mkutano utaendelea.