Dada wa Kwenye Simu

Dada yangu uliyeko Dodoma,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata rafiki ninayekaa naye dawati moja. Mama anapoombea mtandao kwenye sala ya jioni, "Ee Bwana, kesho usikatike, mwanangu wa Dodoma afanye kazi," wote wanaitikia amina. Mimi nainamisha kichwa na kunyamaza. Amina hiyo sijaisema tangu ulipoondoka.

Ninaandika kwa sababu kila ninachokuambia kwa simu kinasikika duka zima. Umewekwa kwenye spika, Mama yupo, Fundi Sichone yupo kwenye cherehani yake, wateja wapo. Barua haina spika. Atakayeisoma ataisoma kimya.

Unakumbuka ulipokuwa hapa? Tulikuwa tunapita katikati ya foleni ya malori hapa mpakani, umenishika mkono, tunakwenda kuchukua vitambaa. Watu wakiniuliza jina, ulijibu wewe kabla sijafungua mdomo. Sikuona vibaya. Nilidhani ndivyo tulivyogawiwa, wewe maneno, mimi vitabu. Jioni tukimaliza kushona vifungo vya sare za kwaya ulikuwa unasema, "Nisomee kidogo," nami nakusomea kitabu cha maktaba ya shule mpaka unasinzia na sindano mkononi. Nilikuwa naichomoa taratibu ili isikuchome.

Kisha ukaolewa. Nililia, na kilio kilikuwa cha kweli. Lakini nyuma ya kilio nilifikiri kwamba nafasi yako kando ya Mama sasa itakuwa yangu.

Haikukaa wazi hata kidogo. Mlikubaliana uendelee kupokea oda ukiwa huko huko. Mama akanunua simu kubwa, Fundi akaichongea kishikio cha mbao, ikasimama katikati ya meza ya kukatia. Asubuhi kamera inawashwa na uso wako unatokea. Unaongea na kwaya za Mlowo, za Mkwajuni na za ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Unatuma mitindo kwenye kundi, unamchorea Mama mstari mwekundu juu ya picha pale unapotaka shingo ishuke. Ulipokuwa hapa ulikuwa mmoja wetu. Ulipoondoka ukawa duka lote.

"Mukwai," mama mmoja wa Nakonde aliniambia kwa heshima ya kwao, "nipe yule dada wa kwenye simu. Wewe unaongea na sakafu."

"Profesa, sogea basi," Fundi akadakia, "unamziba meneja!"

Walicheka wote. Na wewe ulicheka, dada. Nilikuona.

Nilikuwa na kazi moja tu ambayo wewe hukuweza kuifanya ukiwa Dodoma. Unajua simu za huku zinavyonasa mnara wa Zambia, saa inarudi nyuma bila kumuaga mtu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa naichukua simu ya Mama na kuirudisha kwenye saa ya Tanzania, msije mkapishana. Ilikuwa kazi ndogo, lakini Mama alikuwa akinisubiri niimalize. "Mwanangu, saa imekaa?" Imekaa, Mama. Halafu siku moja ukamwambia kutoka kwenye kioo, "Mama, mbona mnahangaika? Ingia kwenye mipangilio, zima hiyo saa inayojibadilisha yenyewe." Akabonyeza mara moja tu. Mimi nilikuwa nimesimama pale, kiatu kimoja mguuni.

"Kumbe rahisi hivi!" alisema Mama, na aliyekuwa anamtazama ni wewe.

Nilienda shule. Sikumbuki walichofundisha siku hiyo.

Nikuambie pia kitu kingine nilichokiona. Siku moja Mama alitoka kwenda kununua nyuzi akasahau kukata simu. Fundi alikuwa anashona, mimi nilikuwa chini ya meza nikiokota pini. Nilipoinuka nikakuona kwenye kioo. Hukuwa unafanya kazi. Ulikuwa umelaza kichwa juu ya mkono, umefumba macho, unasikiliza cherehani. Nyuma yako kulikuwa na ukuta mtupu na kalenda. Ningeweza kukuita. Nilirudi chini ya meza. Ningependa kusema kwamba nilikuhurumia, na kweli nilikuhurumia kidogo, lakini zaidi nilikuonea wivu. Hata sauti ya cherehani, ambayo mimi naisikia bure kila siku, uliisikiliza kama mali yako.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Likizo ilipoanza, Mama alisema dukani kunahitajika mtu wa kukaa mbele, wa kupokea wateja na kushika simu wewe usipokuwepo. Nilikuwa nakunja majoho. Nilisubiri jina langu. Nilikunja joho moja mara mbili.

Ukasema, "Tumwite binti wa mama mdogo, yule wa Mlowo. Mdogo wangu aachwe na vitabu vyake. Huyo hawezi kuongea na watu."

"Kweli," Mama akasema. "Atakuja Jumatatu."

"Profesa, umekosa ajira mbele ya macho yako!" alisema Fundi.

Ulisema kwa upendo, najua. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ungesema kwa ubaya ningekasirika, ningekuwa na mahali pa kuanzia. Umenijibia tena, dada, kama zamani pale kwenye foleni, ila safari hii nilikuwa na jibu langu.

Ijumaa Mama alivuka kwenda Nakonde kutafuta kitambaa cha bitana. Huko kwako umeme ulikuwa umekatika, nawe umetoweka kwenye kioo. Simu ikaita. Nikamtazama Fundi.

"Pokea bwana, simu haing'ati!"

Alikuwa mwalimu wa kwaya kutoka Mkwajuni. "Dada yuko wapi?" aliuliza.

"Hayupo hewani. Mimi ni mdogo wake."

"Sasa wewe utanisaidia nini?"

Nilimwambia aseme shida yake. Akasema waimbaji wa sauti ya pili wanalalamika kwamba shingo za majoho zinawabana. Nikauliza kama zinawabana wakiwa wamekaa au wakiimba. Nikamsikia akiwauliza watu waliokuwa karibu naye. "Wakiimba," alisema. "Wakikaa hawana neno." Nikamwambia ayarudishe majoho kwa basi, tutalegeza shingo kwa mbele, na yale ambayo hayajashonwa tutayakata kwa nafasi hiyo. Fundi alikuwa amesimamisha cherehani ananisikiliza. Hakutania.

Nikafungua lile jedwali la oda mnalolijaza pamoja wewe na Mama, kila mmoja kwa simu yake. Nikaandika: Mkwajuni, shingo, sauti ya pili. Kwenye safu ya aliyepokea, jina lako limeshuka kutoka juu mpaka chini. Nikaandika langu. Sijamaliza herufi ya mwisho, duara dogo lenye herufi yako likatokea juu ya ukurasa. Umeme ulikuwa umerudi kwako. Ulikuwa unaona ninachoandika. Nilisubiri ulifute au unipigie. Duara lilikaa pale, halafu likaondoka.

Sijui ulifikiri nini. Mimi bado nina wivu, dada, sitakudanganya. Nikisikia Mama anacheka nawe kwa kicheko kile cha tumboni bado natamani kuchomoa chaja. Lakini sitaki tena uondoke kwenye meza. Nataka tuwe wawili.

Mama aliporudi na mzigo kichwani nilimsaidia kuutua, nikamwambia binti wa Mlowo asije, nitakaa mbele mimi, likizo hii na kila Jumamosi shule zikifunguliwa.

"Haya, ngoja tumuulize dada yako."

"Hapana, Mama. Nakuuliza wewe."

Akasema chakula kinapoa. Mpaka tunalala hakuwa amenijibu.

Leo Jumamosi nimechukua funguo, nimefungua duka kabla ya Fundi kufika, nimefagia, nimewasha simu na kukaa kwenye kiti cha mbele.

Salimia shemeji. Ukiwashiwa kamera utanikuta.

Mdogo wako