Uvimbe wa Mama Kitovuni

Ziwani, Mtwara
Novemba 2006

Kaka Bwanaheri,

Salamu zetu zikufikie wewe, wifi na watoto. Huku mikorosho imebeba vizuri, na mdogo wetu Husna amejifungua mtoto wa kike.

Mama amelazwa hospitali mjini, ila usishtuke, anaendelea vizuri. Unakumbuka ulipompeleka Dar akatolewa mawe ya nyongo kwa vitundu vidogo, tukashangaa amerudi bila kovu kubwa? Pale kwenye kitundu cha kitovuni paliota uvimbe. Akikohoa unatokeza, akilala unarudi ndani. Nilimsihi twende hospitali, akakataa. "Bwanaheri akisikia atajilaumu." Akawa anaufunga kwa kanga na kwenda kuokota korosho.

Jumatatu uvimbe ukagoma kurudi. Alitapika mpaka akalegea, tukampakia kwenye pikapu ya jirani. Daktari akasema ni ngiri: utumbo umepenya pale palipotobolewa, ukabanwa. Wakampasua siku ileile, na namshukuru Mungu utumbo ulikuwa bado mzima.

Nikamuuliza daktari kama tulikosea kumpeleka Dar. Akasema, "Hapana, dada. Hii huwatokea baadhi ya watu. Mngemleta mapema tu."

Jana mama alikunywa uji. Nilipomwambia nakuandikia, akasema, "Mwambie yale maumivu ya nyongo hayajarudi hata siku moja. Anza na hilo."

Nisamehe kaka, nimeliweka mwisho.

Mdogo wako,
Mwasiti