Glasi Mbili Msibani

Masan, Changwon,
Korea Kusini.
17 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Bok-hui,

Hamjambo huko Rosario? Magoti yako yanaendeleaje? Sisi tu wazima, ila baridi imeanza kung'ata na kabichi za kuchachusha kimchi zimenijaa sebuleni. Tangu uondoke sina wa kunisaidia, na mume wangu anajifanya mgongo unamuuma.

Uliuliza kama bado niko kiwanda cha pampu. Bado nipo, na mwaka huu wamenitwika mhandisi Mbulgaria, jina lake Plamen, nimfunze adabu zetu. Mkataba wake wa majaribio ulikuwa unaisha, na Mkurugenzi Noh ndiye wa kuamua kama atabaki. Plamen tayari alikuwa amewahamishia hapa mkewe na binti yao.

Nilimfunza sawasawa. Kadi ya jina hupokewa kwa mikono miwili. Usiguse kijiko kabla ya mkubwa. Usijimiminie kinywaji. Ukigonganisha glasi na mkubwa, yako iwe chini kidogo. Hilo alilipenda hasa.

Jumamosi ya wiki iliyopita, mchana, tulikwenda kumpa pole Mkurugenzi Noh, aliyefiwa na mama yake. Plamen aliinama mbele ya picha ya marehemu mpaka paji likagusa sakafu, nami nikavimba kichwa. Tukaketi kula supu ya pilipili. Mkurugenzi akaja mezani kwetu, akammiminia Plamen pombe ya soju. Wewe unajua kwetu msibani glasi hazigongani. Mimi nilisahau kumwambia. Plamen akaishika yake kwa mikono miwili, akaishusha kwa heshima zote, akaigonga ya mfiwa.

Meza zote zikageuka kututazama.

Meneja Ku wa kiwandani kwetu, na mdomo wake ule, akasema, "We bwana, umekuja harusini? Nani kakufunza mambo hayo?"

Nilikuwa nimeketi ubavuni pake. Nikaitazama supu yangu. Naona haya kukuandikia, lakini ndivyo nilivyofanya.

Plamen akapiga magoti. "Nilifunzwa vizuri," akasema kwa Kikorea chake cha kuvunjikavunjika. "Mimi ndiye sikusikia. Nisamehe, Mkurugenzi."

Mkurugenzi alikunywa, akaenda kwa wageni wengine. Wiki ile sikupata usingizi wa maana.

Mkurugenzi aliporudi kazini Alhamisi, nikamfuata ofisini kukiri kuwa kosa ni langu.

"Najua, Bi. Pyo," akasema. "Masikio yako yalikuwa mekundu kuliko ile supu. Mkataba wa Plamen nishausaini. Mtu anamfichia aibu mkubwa wake, nimfukuze kwa lipi?"

Hilo sikumfunza mimi.

Nisalimie shemeji Gwang-su na mwanenu Seon-ah, na umwambie Seon-ah mama zake wakubwa wote wanamuulizia. Mbingu ziwafunike, mle mshibe, na magoti yapoe.

Kila asubuhi Plamen huniinamia, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Ijumaa nilimngoja mlangoni, nikatangulia kumwinamia mimi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kila siku,
Sun-im