Kicheko Kisichokuwemo Kwenye Wimbo wa Sita

Granville, Jumapili, Agosti 2021. Jua lipo lakini halipashi joto; huku ni majira ya baridi. Upepo unatikisa madirisha tangu asubuhi. Mji bado umefungwa, na mimi niko karantini kwa sababu mwenzangu wa zamu alikutwa na corona.

Nimeusikiliza muziki wa Mzee Colin. Wote, kwa mara ya kwanza.

Colin alikuwa mmoja wa wazee ninaowahudumia kazini, kwenye makao ya wazee. Alifariki Jumatano, sikuwepo. Miaka ishirini iliyopita alipigia gitaa bendi ya hapa hapa Granville, lile gitaa linalolazwa mapajani, ambalo nyuzi zake hulia kama mtu. Walitoa albamu moja tu. Ni muziki wa kantri, lakini si ya kofia na farasi. Ni ya watu wa gereji na viwanda, magitaa yanakwaruza, mwimbaji anaimba kama katoka kazini amechoka. Haikusikika popote. CD yake niliikuta duka la mitumba Guildford kabla hatujafungiwa, nikasikiliza nyimbo mbili, nikaitupa kwenye droo. Mimi nimelelewa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa kantri tamu ya redioni. Hii niliiona chafu.

Lakini nilimwambia Colin ninayo.

Wageni walikuwa wameshazuiwa, tumebaki sisi tu na barakoa zetu. Akajiinua kitandani. "Wimbo wa sita umeusikia? Ule anaoimba Maureen?"

Maureen alikuwa mkewe. Alifariki kabla albamu haijatoka, na Colin hakuwahi kuisikiliza.

"Nimeusikia," nikasema.

"Mwishoni anacheka. Umesikia anavyocheka?"

Nilikuwa na wazee wengine wanne wa kuogesha.

"Ndiyo, mzee. Anacheka vizuri sana."

Akaniminya mkono juu ya glovu, akafumba macho, anatabasamu. Nami nikaenda zangu.

Leo nimeufikia wimbo wa sita. Sauti ya Maureen ni nyembamba, kama ya mtu anayeimba chumba cha pili huku akikunja nguo. Gitaa la Colin halimfuniki. Linamsubiri amalize kila mstari, ndipo linajibu. Binti yangu alisimama mlangoni akasikiliza, akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba huyu mama anaimba kama anaaga.

Wimbo ukaisha. Hakuna kicheko.

Nikarudisha. Nikaongeza sauti. Nikabandika sikio kwenye spika.

Hakuna.

Nilimdanganya mtu aliyekuwa anakaribia kufa, nikamdanganya kuhusu sauti ya mkewe.

Mchana nikampigia Helen, binti yake, aliyemuaga baba yake kwa simu tu. Nikamweleza yote bila kujitetea.

"Mama alicheka kweli," akasema. "Nilikuwepo studio. Alikosea neno la mwisho akaangua kicheko. Alipofariki, Baba akamwomba fundi akikate. Alisema hawezi kukivumilia."

"Kwa hiyo alijua hakimo?"

"Zamani alijua. Mwishoni, Ezekieli, alikuwa anasahau hata jina langu. Sijui siku ile alikuwa amesahau au anakumbuka."

Hilo ndilo linalonitafuna. Kama alisahau, basi nilimrudishia kitu alichokikata mwenyewe. Kama alikumbuka, basi alinitazama nikidanganya, akaniminya mkono hivyo hivyo.

Helen hana nakala. Akaniomba niweke simu karibu na spika. Tukausikiliza pamoja, mimi Granville, yeye Newcastle, mwendo wa saa mbili kwa gari, mpaka ukaisha. Barabara zikifunguliwa nitampelekea CD mwenyewe.

Kesho napima. Nikiwa salama narudi kazini. Chumba cha tisa kuna bibi ambaye kila asubuhi hunisimulia habari za dada yake, nami huitikia, ndiyo, ndiyo, huku natandika kitanda.

Hata jina la huyo dada silijui.