Watu Saba kwa Jina Langu

Mama Kahambu mpendwa, mimi ni secrétaire, mwandishi wa parokia moja hapa Murara, nakuomba musaada, na tafadhali unifichie jina, juu tangu siku nane sili vizuri wala sisalimiwi vizuri. Pale biro tuna ordinateur, ile kompyuta, yenye fichier tatu, sawa madaftari, ya Ubatizo, ya Kipaimara na ya Ndoa, nazo zimeunganishwa, ukifungua moja na jina lako na mot de passe yako, lile neno la siri, yenyewe inakubishia mulango kwa zile mbili, wakikujua kote unapita, wasipokujua unaulizwa upya. Papa Birindwa aliyezitengeneza alimupa kila mutu jina lake na kiasi chake, wengi kusoma tu, Padri na mimi peke yetu kuandika. Basi Papa Zéphirin, président wa kwaya, akakasirika, eti mimi président nisome tu, na secrétaire ndiye aandike? Kisha akabadilisha mot de passe yake kwa Ubatizo peke, Ndoa ikamukataa, akaja kupiga meza yangu, na mimi, Mama, kumunyima muzee ni sawa kumuita mwizi, nikamupa yangu. Mama Kasoki wa chama cha wamama akasikia, naye akadai, kisha katekista, kisha wengine, leo tuko watu saba tunaingia kwa jina langu.

Sasa siku ya pili ya juma lililopita mutu ameandika kwa fichier ya Ndoa ati Igihozo, binti anayejitayarisha kufunga ndoa, aliisha kuolewa kwao Masisi, na pembeni ordinateur inaonyesha jina langu, saa nne asubuhi. Na muchumba wa Igihozo ni Gisubizo, yule aliyekuwa wangu miaka miwili kisha akaniacha, parokia yote inajua. Padri amesimamisha tangazo la tatu, la mwisho, la ndoa yao, la kusomwa siku ya Mungu, Jumapili, wazazi wa binti wameshuka toka Masisi, wako naye mutaa wa Katindo wanalia, na wanakwaya wananiangalia vibaya. Si mimi, naapa. Barua ya padri wa kwao inayosema binti hajaolewa iko ndani ya tiroir ya meza yangu, na kurekebisha mustari ule ni dakika moja, lakini nikiugusa watasema nimekiri, kwa hiyo nangoja mwenye kosa ajitokeze. Nifanye nini waniamini?

Mutoto wangu, pole. Kushukiwa kunachoma, na kushukiwa juu ya mwanaume aliyekuacha kunachoma zaidi. Pole nimeisha kukupa, sasa unisikilize.

Unaniomba nifiche jina lako. Hiyo aibu ilikuwa wapi ulipokuwa ukiligawa sawa sucré, soda za kwenye sherehe? Papa Zéphirin ni muzee, umuheshimu: umupe kiti, umuitikie, umuletee karatasi anayotaka kuona. Shida yake ilikuwa ndogo, alibadilisha mot de passe kwa fichier moja akasahau zile mbili. Ungemusaidia kuzilinganisha, yangekwisha pale pale. Wewe uliona uvivu, ukauita heshima.

Unataka nikuambie mimi namna ya kukusafisha? Sina. Kwa ile ordinateur, wote saba ni wewe. Leo umuite Papa Birindwa. Kila mutu arudishiwe jina lake, liwe lile lile na mot de passe ile ile kwa fichier zote tatu, na wa kusoma asome tu, hata kama ni président wa nini. Yako uibadilishe kote, usimwambie hata mama yako. Na wale wengine sita uwataje kwa Padri kwa majina, Papa Zéphirin anune mpaka Noeli akitaka.

Bado sijamaliza. Mustari ule sijui nani aliuandika. Lakini barua ya Masisi imelala ndani ya tiroir yako siku nane, wazazi wa watu wakilia, na hilo hakuna mwingine aliyelifanya. Unasema unangoja mwenye kosa. Mimi nimesoma barua yako mara mbili, na naona unangoja siku ya Mungu ipite bila tangazo, na ndoa ya Gisubizo ipite nayo.

Toa hiyo barua ya Masisi. Uipeleke Katindo wewe mwenyewe, umupe Igihozo mukononi, umuombe musamaha juu ya siku hizo nane, kisha muende wote wawili kwa Padri arekebishe kwa jina lake yeye, wewe ukiangalia. Na siku ya Mungu, tangazo likisomwa, uwe umekaa benchi ya mbele.